Kamba Kaburini

Kila Jumapili, akitoka kanisani, mama mkwe wangu alikuwa akinipigia simu kutoka Choma, kule Igunga, na kabla hajaimaliza marahaba yake alishauliza, "Mtamleta lini?" Alikuwa akimwulizia mwanawe, yaani mume wangu, aliyekufa akazikwa ugenini, nyuma ya gati nililokuwa nalisimamia. Mimi namjibu, "Mvua zikikatika, mama." Yeye anasema haya. Halafu tunaongea habari za ng'ombe.

Mume wangu alikufa katikati ya masika. Alikuwa anaosha uso asubuhi, akakaa chini, basi. Barabara ilikuwa imekatika sehemu mbili, maji yalikuwa yamepita juu ya daraja, na kijiji chetu hakina hata friji ya kuwekea samaki, seuze mtu. Maiti haingoji barabara. Tukamzika kwenye makaburi ya kijiji, pale kwenye mteremko juu ya ziwa, na mimi nikampigia simu mama yake nikamwambia ni kwa muda tu, tutamrudisha kwao. Mama akasema, "Basi mmemwazimia udongo wa watu. Cha watu kirudisheni, na mimi nirudishiwe changu." Nikamwahidi. Ahadi ile nilikuwa nalala nayo na kuamka nayo.

Mimi ni mtoto wa Ipuli, Tabora mjini. Maji mengi niliyoyajua utotoni ni ya bwawa, na hata hayo nilikatazwa kuyasogelea. Nilikuwa nauza karanga na ndizi pale Isevya nilipompata mwanamume huyu, na alipopewa kazi ya kusimamia gati dogo la umma huko kusini ya Ujiji, tukapanda treni na magodoro yetu. Babu zetu Wanyamwezi walikwenda njia hiyo hiyo kwa miguu, mizigo kichwani, mpaka wakalikuta ziwa mbele yao. Sisi tulikwenda tumekaa, lakini mizigo tulikuwa nayo. Alipofariki, kazi yake nikapewa mimi. Si kwa hisani. Hakuna mwingine aliyeitaka.

Na ni kazi gani? Gati lenyewe lilikuwa nguzo za mbao na sakafu ya mbao, kibanda cha bati, choo, na taa moja ya sola. Asubuhi unapita na nyundo kuvigonga vichwa vya misumari iliyochomoza usiku, kwa sababu mbao zinapumua na misumari inatoka, na ukiacha, mchana utamfunga mtu kidonda. Unatazama tairi kuukuu zilizoning'inizwa ubavuni kama bado zimeshika, maana hizo ndizo zinazozuia boti isipasuke ikigonga. Unakata magugu. Unafukuza watu wanaoanika dagaa gatini kama vile ni uani kwao. Unagombana na nahodha aliyejaza abiria mpaka boti imekaa majini kama ng'ombe mwenye mimba. Nilikuwa nagombana sana, sikatai. Marehemu alikuwa akisema gati lile halihitaji honi, mke wake yupo.

Kamba zilikuwa za mtu mwingine. Mtu wetu wa kamba alikuwa Mgogo, mzee wa makamo, aliyekuja na kazi za reli akasahau kurudi Dodoma. Wagogo na sisi ni watani toka enzi za misafara, na utani ule yeye aliuchukua kama kazi ya pili. Akinikuta nimebeba ndoo: "Mnyamwezi ukimnyima mzigo anaumwa kichwa." Namwambia, "Na wewe umeshangaa maji mpaka umeacha kwenu, huko mvua mnaisimuliana tu." Tulikuwa tunaanza siku hivyo. Mume wangu alimpenda mno. Walikuwa wakitukanana kutwa, na jioni wanakula sahani moja.

Siku ya mazishi, mtani alifanya ya watani. Kaburi alilichimba yeye, na jeneza lilipofika akaingia ndani, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe kuku. "Huyu alikuwa ananidai kazi kila siku," akasema toka chini, "leo acha nilale mbele yake aone." Watu wakacheka huku wanalia. Na mimi nilicheka. Ndiyo maana ya mtani. Asiyekuwa na mtani msibani anaondoka na kilio chote kifuani.

Lakini alifanya na jingine. Kulikuwa na kipande cha reli ya zamani, chuma kizito cha urefu wa kumfika mtu kifuani, ambacho mume wangu alikuwa amekiomba kwa watu wa reli ili kiwe nguzo ya kufungia boti, kwa kuwa zile za mbao zilishaanza kuoza miguuni. Alikuwa ameomba saruji ya kukisimikia. Akaomba, akaomba, akafa anaomba. Saruji ikaletwa barabara ilipofunguka, matanga hayajaisha. Mtani hakuuliza mtu. Alikichukua kile chuma, akakisimika kichwani mwa kaburi kwa saruji ile, akasema, "Huyu alitaka nguzo. Nguzo yake hiyo." Msalaba wa mbao mchwa wangeula, ni kweli. Hata hivyo nilikasirika. Nikamwambia gati linaihitaji. Akanijibu kwamba kitu alichoweka mtani msibani hakitolewi mpaka kikombolewe, na yeye hataki kuku tena, anataka ng'ombe. Ng'ombe nimtoe wapi? Chuma kikabaki pale, juu ya mume wangu, imara kuliko kitu chochote ufukweni kote.

Halafu ziwa likaanza kupanda.

Wenye elimu wamelieleza na sina la kuongeza. Nilichokiona mimi ni kwamba ngazi za chini za gati zilizama mwaka mmoja, mwaka uliofuata sakafu ikaanza kulowa kila upepo ukivuma, na choo kikaondoka chote, shimo na ukuta. Nilikuwa napigilia mbao asubuhi, jioni zinaelea. Nilihamisha kibanda mara mbili kupanda juu. Alikuja bwana mmoja wa ofisini na viatu vya mpira, akapiga picha, akasema ni hali ya asili, mjiongeze. Nikamwuliza tujiongeze na nini, na mikono? Akasema ataandika taarifa. Viatu vyake vilikuwa vizuri sana.

Mwisho gati lote likawa chini ya maji, kama kina cha goti, na nguzo zilizooza zimesimama mlemle zisionekane. Hapo ndipo pabaya. Gati lililovunjika ukaliona si hatari. Gati lililozama ukilisahau linakata boti tumbo. Nikafunga vitambaa vyekundu kwenye miti niliyoisimika kulizunguka, nikawa nasimama ufukweni kuwapigia kelele wapite mbali. Na maji yakaendelea kupanda mteremko, mpaka yakawa yanalamba makaburi ya safu ya chini. Kaburi la mume wangu lilikuwa safu ya pili.

Siku moja natoka sokoni, nakuta boti imefungwa kwenye kaburi lake. Kamba imezungushwa kwenye ile reli, kitanzi safi kabisa, na nahodha ameketi kandoni anakula muhogo. Sijui nilisema nini. Najua niliifungua kamba kwa mikono yangu nikaitupa majini, na boti ikaanza kwenda zake, na nahodha akaruka kuifuata na muhogo mdomoni. Akaniambia, "Mama, mtu wako wa kamba ndiye aliyeturuhusu."

Nilimtafuta mtani nikampata. Kumbe manahodha walimwuliza wafunge wapi, naye akawajibu kama alivyozoea kujibu, "Si kwa mtani wangu pale? Kaburi la mtani wangu ni gati langu." Utani. Ila yeye ndiye mtu wa kamba, na neno la mtu wa kamba kuhusu kamba nani atalipima kama ni la utani au la kweli? Wao walilichukua kama ruhusa. Aliponiona sura yangu, hakucheka. Akasema, "Nitawakataza." Akawakataza kweli. Lakini pa kufunga hapakuwepo pengine, na nikigeuka tu wanarudi. Ikafika mahali nikawa sifungui tena, naangalia pembeni. Kila kamba ikivutwa nilikuwa nahisi kama wanamvuta yeye.

Nikampigia shemeji yangu, mdogo wa marehemu, nikamwambia aje haraka, maji yamefika. Akasema kuna pamba shambani. Baadaye ng'ombe wanaumwa. Baadaye anatafuta nauli. Sikumlaumu mbele ya mama yake, ila moyoni nilimlaumu sana. Mama naye sauti ilikuwa imeanza kuwa nyembamba kwenye simu. "Mwanangu," aliniambia, "mimi sifi mpaka aje. Lakini msinichoshe." Vibali vya kufukua nikavitafuta mwenyewe: serikali ya kijiji, bwana afya, katekista. Wote walikubali. Walikuwa wanaona maji kama ninavyoyaona mimi.

Shemeji alikuja mwishowe, na sanduku dogo jipya alilochongesha Isevya, na shuka jeupe la kumfungia ndugu yake. Alikuwa hajawahi kuona ziwa. Alisimama mbali nalo, akatusalimia kwa huzuni, akaniambia kwamba kule Choma kaburi limeshachimbwa, karibu na zizi, na majirani wameshaanza kukusanyika. Mama amevaa nguo zake nzuri tangu juzi.

Tukaanza asubuhi. Katekista akaomba. Mtani akavua shati akashuka kuchimba, kwa kuwa aliyefukia ndiye afukue. Alichimba kutokea ubavuni ili asiangushe ile reli na bonge lake la saruji. Upepo wa kusini ulikuwa umeamka, na mawimbi yalikuwa yanapiga karibu, lakini tulijua tutamaliza. Mtani alikuwa ameshafika kiunoni. Akanyoosha mkono akagonga kitu, akasema taratibu, "Mbao. Nimemfikia."

Ndipo watu wakaanza kupiga kelele kule chini. Boti ya abiria, ile ya siku ya gulio, ilikuwa inakuja ubavuni, injini imekufa. Imejaa wanawake na magunia ya muhogo na watoto migongoni. Upepo ulikuwa unaisukuma moja kwa moja kuelekea gati lililozama, na ile miti yangu ya vitambaa vyekundu ilikuwa imeshang'olewa usiku. Mimi nilijua nguzo zote zilipo, moja moja. Nilijua itagota wapi, na pale mbele ya gati ziwa letu halina mahali pa kusimama. Ukilivuka jiwe la mwisho, chini hakuna chini.

Nahodha alirusha kamba. Vijana wakaidaka, wakavutwa kama kuku, miguu inalima mchanga. Mikono haizuii boti iliyojaa. Wakaja nayo wakikimbia kuelekea kwenye reli, kwa mazoea, halafu walipoona tulichokuwa tunafanya wakasita.

Mtani alikuwa ndani ya kaburi, ameshika sepeto, ananitazama. Ardhi ya upande mmoja alikuwa ameshaitoa. Alijua, nami nilijua, kwamba reli ikivutwa sasa, kaburi halitabaki kama lilivyo.

"Mtani," akaniambia, "sema wewe."

Shemeji akanishika mkono. "Shemeji, hapana. Mama anamngoja. Shemeji, tafadhali."

Mimi nikasema, "Fungeni."

Mtani mwenyewe ndiye aliyekipiga kitanzi, akiwa bado mle ndani, kisha akaruka kutoka. Kamba ikakaza mpaka ikalia. Ile reli ikatetemeka, lakini ikasimama. Saruji ya marehemu haikuwa ya utani. Boti ikazunguka, ikauacha mkondo wa gati, ikaja kulala ubavu karibu na mchanga, na watu wakaanza kushuka kwenye maji ya kifua, watoto wanapokezanwa juu ya vichwa. Niliingia majini, nikawa nawapokea. Kuna mwanamke mmoja hakutaka kuliachia gunia lake, nikamtukana mpaka akaliachia. Wote walishuka. Nataka hilo lijulikane, kwa kuwa baadaye watu walisema mengi: wote walishuka.

Boti ilipojaa maji ikawa nzito, ikavuta mara ya mwisho. Nikasikia kishindo nyuma yangu. Sikugeuka upesi. Nilikuwa nimembeba mtoto wa watu, nikampeleka kwanza kwa mama yake.

Nilipogeuka, mteremko ulikuwa umekatika. Ule upande wote aliochimba mtani ulikuwa umeporomoka ziwani, kaburi letu na mawili ya jirani, na pale palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa yanayozunguka. Reli ilikuwa imelala juu ya mchanga na bonge lake, kamba bado shingoni. Shemeji alikuwa amesimama pembeni, ameshika lile shuka jeupe mikononi, limekunjwa vilevile alivyolikunja kwao. Mtani alijitupa majini akapiga mbizi, akatoka, akapiga tena. Vijana wakaingia naye. Walitafuta mpaka midomo ikawa ya buluu, na kesho yake, na kesho kutwa. Hatukupata hata ubao.

Nahodha alikuja kunishukuru. Nikamwambia aondoke mbele yangu.

Nani ampigie mama? Shemeji alichukua simu, akaitazama, akaiweka mfukoni. Mimi sikuigusa. Mtani akasema tusimwambie mtu mzima jambo kama lile kwa simu, twende. Na mikono mitupu tutakwendaje? Tukavunja saruji kwenye kile chuma, tukakifunga kwenye shuka jeupe, tukakilaza ndani ya sanduku lililochongewa mifupa. Kilizidi urefu, ikabidi kukilaza kimshazari na kufunga kifuniko kwa kamba. Njia nzima ya Tabora na Nzega mtani alilibeba yeye, kushusha na kupandisha, hakutaka tumsaidie. Mgogo anambebea Mnyamwezi mzigo, na hakuna aliyeweza kulisema. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alitaka sanduku lifunguliwe. Akakiona chuma, akatutazama sura zetu, akafunga kifuniko mwenyewe.

Choma walitupokea kwa vilio. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, amepungua, nguo zake nzuri zimemzidi mwili. Sanduku likawekwa mbele yake. Kabla sijafungua kinywa akakata kamba, akafunua shuka. Akakigusa kile chuma, juu mpaka chini, kama anatafuta mahali.

Watu wote wakamtazama mtani, maana ilikuwa zamu yake. Aruke kaburini, adai kuku, aseme chochote. Alisimama tu. Mama akainua uso, na kwa sauti ileile ya utani, sauti ninayoijua, akasema, "Mgogo. Nimekuagiza mtoto, umeniletea chuma. Kumbe kwenu hata kubeba hamjui." Vinywa vilifunguka kucheka, vikabaki wazi. Mtani alitakiwa kujibu. Alichuchumaa pale pale mbele yake, akajifunika uso, akalia mpaka mabega yakawa yanaruka. Sijawahi kuona msiba ambao mtani ndiye aliyeshindwa.

Nikamweleza mama yote mimi. Sikuficha kwamba ni mimi niliyesema fungeni. Shemeji alikuwa anatazama chini. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Walishuka wote?"

"Wote, mama."

"Na watoto?"

"Na watoto."

Akavuta lile shuka, akalikunja, akaliweka mapajani. "Na sasa boti mnazifunga wapi?"

"Hakuna, mama. Chuma ndicho hicho."

"Hapa kwangu hakuna boti," akasema. "Mnaniletea cha nini? Kirudisheni."

Kaburi lililochimbwa halifukiwi likiwa tupu. Akaingia ndani akatoka na shati la mume wangu la ujana, alilokuwa amelihifadhi, akatandika lile shuka sandukuni, akalilaza shati juu yake, sanduku likazikwa karibu na zizi. Hakulia mbele yetu. Usiku nilimsikia.

Chuma tulikirudisha. Tumekisimika juu zaidi, kwenye mwamba, na ni mimi niliyekoroga saruji. Boti zote zinafunga hapo. Mtani bado ni mtu wa kamba, anafanya kazi yake vizuri, anapita asubuhi kunisalimia kama wanavyosalimia watu wengine, habari za asubuhi, nzuri, anakwenda. Nikimchokoza anatabasamu tu.

Mama anapiga simu kila Jumapili akitoka kanisani. Anauliza kama boti zimefunga. Namwambia zimefunga. Anauliza kama kamba imeshika. Namwambia imeshika, mama. Halafu tunaongea habari za ng'ombe. Lile swali la zamani haulizi tena, na kila Jumapili nalingoja.